Muulize Fundi wa Bunduki: Triga nzito, triga laini mno, na springi zilizopunguzwa nguvu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za jambo moja: triga ya bunduki ya nusu otomatiki, ile inayojipakia yenyewe risasi inayofuata lakini inataka uvute triga kwa kila risasi. Nimefurahi kuzipata, maana hapa ndipo watu wanapoharibu bunduki nzima kwa jioni moja. Walioandika wote wako Marekani, kwa hiyo majibu yangu yanafuata sheria za huku. Msomaji wa Tanzania au Kenya asiyachukue kama ruhusa. Kule, hata springi usiiguse kabla hujawauliza waliokupa leseni.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, sasa naishi Columbus, Ohio. Nimenunua bunduki mpya ya kampuni ya Ruger, aina ya 10/22, nipige shabaha na mwanangu na msimu ukifika tuwinde kuchakuro. Bunduki naipenda, ila triga yake ni nzito na inakwaruza. Nikivuta, alama ya darubini inahama kulia kabla risasi haijatoka. Jirani yangu anasema nifungue nisugue vyuma vya ndani kwa msasa wa maji, na kwamba yeye ya kwake aliifanya hivyo. Nifuate ushauri wake?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Msasa urudishe kabatini. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tuangalie unachokilalamikia, maana malalamiko yako ni ya kweli kabisa.

10/22 ilianza kuuzwa mwaka 1964, na mpaka leo ndiyo bunduki ya .22 (huo ni upana wa risasi kwa inchi) ambayo nyumba nyingi za huku zinaanzia. Triga inayotoka nayo kiwandani mara nyingi huwa kati ya ratili 5 na 7, yaani kilo 2.3 hadi 3.2 hivi. Sasa chukua bunduki yenyewe uiweke kwenye mizani: ile ya kawaida ni kama ratili 5 tu. Kwa hiyo kidole chako kinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa bunduki nzima, au kuupita. Ukiishika kwa ulegevu, lazima itayumba. Hakuna jicho zuri litakaloshinda hilo.

Ila uzito ni nusu ya habari. Vuta triga polepole, bunduki ikiwa tupu, usikilize kwa kidole. Kwanza kuna mwendo mtupu, triga inarudi nyuma bila kugusa kitu. Kisha unagonga ukuta. Pale kwenye ukuta ndipo kipande kidogo cha chuma kinapoizuia nyundo isianguke, tukiite kizuizi. Ukizidisha nguvu, kizuizi kinateleza juu ya jino la nyundo mpaka kinaliachia. Huko kuteleza ndiko unakokusikia kama mkwaruzo. Triga nzuri ni ile ambayo huku kuteleza hukusikii, ukuta uko palepale kila siku, na nyundo inaachiwa ghafla bila kukuonya. Nimeshika triga za ratili 5 zinazoachia namna hiyo, na ningezichagua mbele ya triga ya ratili 2 inayokokota.

Anza kwa kupima, ujue unaanzia wapi. Toa magazini, lile kasha la risasi, kwanza, kisha vuta boliti, kile chuma kinachoteleza na kuifunga chemba, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, uiguse kwa kidole kidogo. Utaratibu huo usiugeuze. Ukivuta boliti kabla ya kutoa magazini, umejipakia risasi mwenyewe. Isimamishe bunduki mdomo ukielekea juu, sefti ikiwa imefunguliwa, ning'iniza waya wenye ndoano katikati ya triga, na kwenye waya funga chupa tupu. Mimina maji kidogo kidogo mpaka nyundo ianguke. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Usisahau uzito wa chupa na waya. Rudia mara kadhaa. Majibu yakitofautiana sana, shida yako ni mkwaruzo au uchafu kuliko ugumu wa springi.

Uchafu nausemea kwa makusudi. Risasi ya .22 ni ya madini laini ya risasi (lead) yaliyopakwa nta, na 10/22 hujiendesha kwa boliti kusukumwa nyuma na ganda lenyewe, hivyo masizi na nta vinarudi ndani mpaka kwenye sanduku la triga. Hata bunduki mpya huja na mafuta mazito ya kuhifadhia. Isafishe, ikaushe, kisha tone dogo la mafuta mepesi pale nyundo na kizuizi vinapokutana na kwenye pini. Tone, si kikombe. Mafuta mengi yanashika masizi na kuwa matope.

Halafu fyatua bila risasi. Bunduki nyingi za .22 hazitaki hivyo, kwa sababu pini inayopiga risasi hugonga ukingo wa chemba na kuuchimba. Ruger wenyewe wanaruhusu kwa 10/22, mradi kile kipini kinachoizuia pini ya kupiga kipo mahali pake. Kaa jioni, lenga ukuta usio na mtu nyuma yake, risasi zikiwa chumba kingine kabisa, uvute mamia ya mara kwa wiki kadhaa. Vyuma vinalainishana vyenyewe, kidogo na kwa usawa, na kidole chako kinajifunza. Hapo hapo tazama kidole kimekaa wapi. Alama kuhama kulia kwa mtu wa mkono wa kulia mara nyingi ni kidole kilichoingia sana, triga ikakaa kwenye kiungo. Tumia nyama ya ncha ya kidole, uvute kurudi nyuma moja kwa moja.

Ukifanya yote hayo na bado hujaridhika, nunua triga nzima. Ruger wanauza sanduku kamili waliloliita BX-Trigger, linaloachia karibu na ratili 2.75, na linaingia pale pale lilipotoka la zamani. Kwa sheria ya shirikisho, bunduki ni lile bodi lenye namba. Sanduku la triga ni kipuri tu, unaletewa nyumbani.

Kulibadilisha ni kazi ya mezani. Ukishahakikisha bunduki ni tupu, vuta boliti mara moja nyundo ijifunge. Legeza skrubu iliyo chini ya mbao ya bunduki, mbele ya magazini, na kama yako ina bangili inayoufunga mtutu kwenye mbao, ilegeze pia. Sasa kitufe cha sefti kisukume kikae katikati, si kushoto wala kulia, la sivyo mbao haiachii na utadhani imegandishwa. Bodi likitoka, utaona pini mbili zinazolishika sanduku la triga. Hazijapigwa nyundo, zinasukumika kwa kijiti. Nyuma juu kuna pini nyingine nene ambayo boliti hugonga ikirudi. Hiyo ndiyo inayoanguka yenyewe na kubingirika chini ya kochi, kwa hiyo tandika taulo jeupe kabla hujaanza. Sanduku jipya liingie nyundo yake ikiwa imefungwa.

Ukimaliza, kabla ya risasi yoyote, fanya jaribio hili. Bunduki tupu, vuta boliti uiachie. Weka sefti, vuta triga: kimya. Ondoa sefti, vuta triga: nyundo inaanguka. Usiachie triga, ukiwa bado umeibana, vuta boliti nyuma uiachie irudi kwa nguvu. Nyundo lazima ibaki juu. Sasa achia triga polepole mpaka usikie mlio mdogo, tik, kitenganishi, kile kipande kinachoizuia bunduki isifyatue tena mpaka uachie triga, kikirudi mahali pake. Vuta tena: inaanguka. Rudia kila hatua. Kama nyundo itaanguka wakati wowote bila wewe kuvuta, usiende uwanjani. Ikipita yote, siku ya kwanza pakia risasi moja kwenye magazini, halafu mbili, halafu tatu, ndipo ujaze kumi.

Kuhusu mwanao: kuchakuro wa Ohio hufunguliwa Septemba 1, na msimu unaingia mpaka Januari. Mtoto aliyevaa glavu Januari hana hisia kwenye kidole. Kwa mtoto ningeacha triga ya kiwandani, iliyosafishwa na kuzoewa, na hiyo nyepesi niiweke kwa bunduki ya uwanjani.

Na jirani? Yake haijamletea shida mpaka leo, namshukuru Mungu. Barua inayofuata itakuonyesha upande wa pili.

SWALI: Fundi, niko Dallas, Texas. Rafiki yangu anayejua mambo ya vyuma alinisugulia triga ya bunduki yangu ya nusu otomatiki, AR-15. Ilikuwa nzito, sasa ni laini kama siagi. Tatizo ni kwamba mara moja moja navuta mara moja zinatoka risasi mbili. Haitokei kila wakati. Wenzangu uwanjani wanasema nina bahati. Je, inaweza kujirekebisha kwa kuzoeleka?

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Haitajirekebisha. Itazidi. Ukisoma hapa tu, kaiweke bunduki hiyo tupu kabatini, ufunge, na usiipige tena hata risasi moja mpaka imetengenezwa.

Sikiliza kilichotokea. Nyuso za nyundo na kizuizi cha AR-15 za kawaida zimefanywa ngumu juu tu. Ngozi ngumu ni nyembamba sana, na chini yake ni chuma laini. Rafiki yako ameitoboa ngozi hiyo. Siku ya kwanza triga ni tamu, kwa sababu amepunguza kina cha kushikana. Halafu chuma laini kinaanza kuliwa, na kila risasi inapunguza zaidi. Juu ya hapo kuna pembe. Kiwandani nyuso hizo hukatwa kwa namna ambayo springi ya nyundo inakivuta kizuizi kishike zaidi. Ukisugua kwa mkono huru bila kifaa cha kushikia pembe, nyuzi kidogo tu zinatosha kuigeuza, springi ile ile ikawa inakisukuma kizuizi kitoke.

Kwenye bunduki ya kuvuta boliti kwa mkono, kosa hilo lingeweza kujificha muda mrefu. Ya nusu otomatiki haina huruma. Kila risasi, boliti inarudi mbele na kugonga kwa kishindo, bunduki nzima inatetemeka, na kizuizi kilichoshika kwa kucha kinaachia. Risasi ya pili inatoka wakati mtutu umeshapanda, haujui unaelekea wapi. Kwenye uwanja wa ndani inaweza kuingia darini. Shambani inaweza kupita juu ya kichuguu ulichokitegemea kuzuia risasi.

Kuna na sheria. Tangu mwaka 1934 sheria ya shirikisho inahesabu kama bunduki ya rashasha silaha yoyote inayofyatua zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja wa triga. Mwaka 2008, huko Wisconsin, mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 30 baada ya kumwazima mwenzake AR-15 ikafyatua mfululizo uwanjani. Utetezi wake ulikuwa kwamba ni hitilafu. Ndani yake vilikutwa vipande vya M16, bunduki ya kijeshi inayofyatua mfululizo, na baraza la mahakama halikumwamini. Kesi yako si ile, lakini wewe umeshaijua hitilafu na umeshaniandikia. Ukiendelea kuipiga, huna tena neno la "sikujua".

Ipeleke kwa fundi mwenye leseni, umweleze wazi, usifiche. Abadilishe nyundo, triga, kitenganishi na springi zote kwa pamoja. Asijaribu kurudisha vilivyosuguliwa. Na vipande vya zamani usimuuzie mtu wala usivitie kwenye boksi la vipuri. Vikatwe kwa msumeno. Rafiki yako mwambie pia, bila hasira, maana kama kakusugulia wewe kuna wengine.

Nikiwa hapo hapo: wapo walioniuliza kuhusu vidude vya kuifanya bunduki ifyatue mfululizo kwa kubana triga mara moja. Sivijibu, wala sitavijibu barua ijayo. Huko ni gerezani, na kabla ya gerezani kuna mazishi.

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Phoenix, Arizona, na mwaka huu nimeanza mashindano ya bunduki za aina ya jeshi, natumia AR-15. Niliona triga yangu ni nzito nikanunua seti ya springi nyepesi. Kweli imepungua, lakini sasa risasi moja moja hailipuki, nasikia tik tu, na nikiitoa ina alama ndogo nyuma. Kocha anasema pia huenda nitakataliwa kwenye ukaguzi. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Nzuri, dada yangu, na hongera kwa mashindano. Hujaharibu kitu. Hili ni la kurudisha nyuma hatua moja.

Ndani ya triga ya AR-15 kuna springi tatu: ya nyundo, ya triga na ya kitenganishi. Seti nyingi za springi nyepesi hupunguza nguvu ya springi ya nyundo, kwa sababu hiyo ndiyo inayobana kizuizi, na ukiipunguza triga inakuwa nyepesi mara moja. Lakini nyundo hiyo hiyo ndiyo inayoipiga pini, nayo pini inakipiga kiwashio, kile kitufe kidogo nyuma ya ganda kinachowasha baruti. Umenunua wepesi wa triga kwa kulipa nguvu ya pigo. Risasi zilizotengenezwa kwa kiwango cha kijeshi huwa na viwashio vigumu zaidi, na kuna sababu: pini ya AR-15 haina springi, inaelea, kwa hiyo kila boliti inapofunga pini inakigusa kiwashio kidogo. Toa risasi iliyopakiwa bila kupigwa uitazame, utaona kitone. Kwa hiyo risasi isiyolipuka ilinganishe na hiyo. Kama alama yake ni kubwa kidogo tu kuliko kitone hicho, ni pigo dhaifu, na springi ndiyo mkosaji.

Uwanjani, ukisikia tik badala ya mlipuko, mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu mpaka sekunde 30 ndipo ufungue. Kiwashio kinaweza kuchelewa.

Rudisha springi ya nyundo ya kiwandani leo hii. Kuhusu ukaguzi, kocha wako yuko sahihi: kwenye mashindano ya bunduki za jeshi, ya CMP na ya NRA (mashirika mawili ya Marekani yanayosimamia mashindano ya shabaha), triga lazima ihimili uzito wa ratili 4.5, karibu kilo 2 na gramu 40. Mkaguzi anasimamisha bunduki mdomo juu, ananing'iniza uzito kwenye triga, nyundo isianguke. Ikianguka, hupigi siku hiyo.

Usikate tamaa ukadhani ratili 4.5 ni nzito. Siri ni triga ya hatua mbili. Unavuta hatua ya kwanza, ndefu na laini, inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Unafika ukutani, unapumua, unasahihisha shabaha, halafu ile sehemu ndogo iliyobaki inakamilisha kazi. Mkaguzi anapima jumla yote. Kidole chako kwenye ule wakati wa mwisho kinasikia ratili moja au mbili tu. Wazo hili si geni. M1 Garand, bunduki ya John Garand iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1936, ilitoka kiwandani ikiwa na triga ya hatua mbili, na ukienda Camp Perry, Ohio, ambako mashindano ya taifa yamekuwa yakifanyika tangu 1907, utaona watu wa makamo wakizipigia shabaha bado, na kikomo chao ni hizo hizo ratili 4.5.

Nunua sanduku la hatua mbili lililotengenezwa kwa mashindano, lenye springi ya nyundo yenye nguvu kamili. Kama linarekebishika, liweke juu kidogo ya kikomo, tuseme 4.75, maana springi hulegea na mizani ya mkaguzi si ya nyumbani kwako. Gundi ya skrubu uitie, uache ikauke usiku kucha, kisha upime tena. Na lile jaribio la boliti nililomwandikia ndugu wa Columbus ulifanye kila ukifungua triga, hata kama umeifungua kuisafisha tu.

SWALI: Fundi, mimi ni mwanafunzi kutoka Mombasa, nasoma Indiana kwa viza ya F-1. Nataka kununua 10/22 niibadilishe triga kama ulivyowahi kueleza. Kuna shida?

JIBU: Ipo, mwanangu, na si ya triga. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama yako, kununua au kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa masharti machache; linalotumika sana ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Usimtume mwenye kadi ya kijani akununulie, hilo ni kosa lake na lako. Zungumza kwanza na wakili wa uhamiaji, maana kosa la bunduki linaondoka na viza. Chuo nacho kina masharti yake juu ya silaha mabwenini.

Wakati huo huo, uliza kama chuo chako kina klabu ya bunduki ya upepo ya mita 10. Kwa sheria ya shirikisho hiyo haihesabiwi kuwa silaha ya moto, ingawa klabu, chuo na mji wanaweza kuwa na kanuni zao. Kimataifa, bunduki ndefu ya upepo ya mita 10 haina kikomo cha chini cha triga. Bastola yake ndiyo lazima ihimili gramu 500. Mwombe kocha akuonyeshe skrubu ya hatua ya kwanza na ya hatua ya pili, na akuache uzirekebishe mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Utaelewa mambo haya haraka kuliko wenzako wenye 10/22.